Haramia wa Ndevu za Kukodi

Shemeji yangu anapenda historia. Mimi nina gari. Ukiziunganisha habari hizo mbili utaelewa kwa nini Jumamosi moja ya mwisho wa Oktoba nilikuwa kwenye foleni ya kivuko huko Hatteras, pwani ya North Carolina, nikiwa nimeendesha karibu saa tano kutoka Raleigh, huku upanga wa plastiki wa kitinda mimba wangu ukinidunga mbavu kila nikikanyaga breki.

Safari ilikuwa ya Ocracoke, kisiwa kisicho na daraja, kwenye tamasha la maharamia. Kivuko chenyewe ni bure, na mimi kitu cha bure nchini Marekani hunitia wasiwasi. Mke wangu akanikumbusha kwamba hata kule kwetu, kivukoni Likoni, abiria wa miguu halipi. Sawa, lakini Likoni ukishuka hakuna anayekungoja na kofia ya pembe tatu kwa bei ya mbuzi mzima. Hapa wapo, na wameshajua kwamba una watoto. Kuvuka ni kama saa nzima, kisha unafuata barabara moja, mchanga huku na mchanga kule, mpaka kijijini, upande wa kusini, penye mnara wa taa mweupe wa tangu 1823 na vijigari vya gofu vinavyojiendea katikati ya barabara bila haraka wala haya. Mbu tuliwakuta, tena wenye afya. Nilidhani mbu wa Oktoba huwa wamechoka.

Sasa, kilichokuwa kikisherehekewa, kwa bendera nyeusi na mafuvu ya karatasi, ni kifo cha mtu. Tarehe 22 Novemba 1718, kwenye maji ya kisiwa hiki, Luteni Robert Maynard wa jeshi la majini la Uingereza alimmaliza Edward Teach, au Thatch, kwa kuwa hata jina lake makarani wa zamani hawakukubaliana waliandikeje. Ndiye huyo haramia Blackbeard. Maynard alitumwa na Alexander Spotswood, gavana wa Virginia, ilhali hapa ni North Carolina, iliyokuwa na gavana wake, Charles Eden, ambaye miezi michache nyuma alikuwa amempa Teach msamaha. Yaani ni kama gavana wa Kilifi atume askari wakamkamate mtu Kwale bila hata kumpigia simu mwenzake. Nilipomwambia shemeji hivyo alinitazama kwa huruma, akasema nisiingize siasa kwenye historia.

Kero yangu ya kwanza ilikuwa kunguruma. Kila mtu kijijini, kuanzia bibi wa kuuza keki mpaka kijana wa kuelekeza magari, alikuwa akinguruma “arrr.” Unauliza choo kiko wapi, unangurumiwa. Shemeji mwenyewe, anayejua kila kitu, ndiye aliyekiri kwamba mngurumo huo hauna hati yoyote ya karne ya 18. Ulienezwa na mwigizaji Robert Newton, mzaliwa wa Dorset, Uingereza, alipocheza haramia katika filamu ya 1950, kisha akamcheza Blackbeard mwenyewe mwaka 1952 kwa lafudhi ileile ya kwao. Kwa hiyo umati mzima ulikuwa ukimwiga mwigizaji wa sinema, na wangurumaji haohao ndio waliotuambia tamasha ni la historia hai. Nilitaka kumrudia shemeji kwa hoja hiyo, lakini alikuwa ameshaanza kunguruma na yeye.

Haki itendeke, hema la daktari wa meli lilinishika. Mzee mmoja aliyevaa aproni yenye madoa mekundu alikuwa amepanga vifaa juu ya meza: msumeno wa kukatia miguu, koleo za kung’olea meno, na bomba la madini lenye mdomo mwembamba. Alituambia mfano wa bomba hilo umetoka kwenye mabaki ya meli ya Teach, Queen Anne’s Revenge, iliyokwama karibu na Beaufort mwezi Juni 1718 na kuonekana tena mwaka 1996. Ndani ya bomba wataalamu walikuta alama za zebaki. Zebaki ilikuwa dawa ya kaswende. Kisha, kwa sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili, akaeleza bomba lilikuwa linaingizwa wapi. Wanaume wote hemani tukabana mapaja kwa pamoja, bila kuamriwa. Mwanangu akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika mpaka bandarini, “Baba, wapi?” Nikamwambia amuulize mjomba wake, si ndiye aliyetuleta.

Mzee akaendelea. Mei ya mwaka huo wa 1718 Teach alikuwa ameifunga bandari ya Charleston, akakamata meli zilizokuwa zikiingia na kutoka, akashika mateka, na fidia aliyotaka ilikuwa sanduku la dawa. Watu wakaangua kicheko. Dawa! Haramia mzima, mizinga yote ile, anataka dawa! Mimi sikucheka. Juu ya friji yetu kuna bili ya dawa ya pumu ya mtoto, nami naijua bei yake kwa moyo. Mtu aliyelazimika kufunga bandari nzima ndipo apate dawa nchi hii, mimi namwelewa kabisa.

Tulipotoka hapo ndipo niliponaswa. Kulikuwa na igizo la watoto uwanjani, nchi kavu, na mama mmoja mwenye kipaza sauti akawa anatafuta watu wa kujitolea. Macho yake yakapita juu ya wanaume waliovaa mabuti, mikanda na bastola za mbao, waliokuwa wakinyoosha mikono kwa kusihi, yakaja kutua kwangu mimi, niliyevaa sweta la kijivu na kushika mfuko wa nepi. Uso wake ukang’aa. Nikajua. Katika umati ule, rangi yangu tulikuwa nayo mimi, shemeji, na familia yangu.

“Nenda, baba watoto,” mke wangu akaninong’oneza. “Wasije wakasema tuna maringo.”

“Shemeji, hiyo ni heshima,” akasema yule mwingine, akinipokonya mfuko wa nepi.

Nafasi niliyopewa ni ya Mwafrika ambaye wengi humwita Caesar. Kisa chake kimo katika kitabu kilichotoka London mwaka 1724. Teach alimweka chini, kwenye chumba cha baruti, na utambi uliowashwa mkononi, akamwagiza kwamba mambo yakiharibika ailipue merikebu na wote waliomo. Mambo yakaharibika. Caesar akataka kutekeleza amri, na mateka wawili waliokuwa humo chini, ambao bila shaka walikuwa na mipango mingine ya maisha, wakamsihi asifanye hivyo. Basi. Hiyo ndiyo sehemu yangu yote. Wenzangu waliruka, walipigana panga, walikufa kwa madaha wakafufuka wakafa tena. Mimi nilikaa kwenye kreti nyuma ya pazia, nimeshika kamba iliyopakwa rangi nyekundu kwenye ncha, nikilindwa na watoto wawili wa darasa la pili. Wakati wangu ulipofika nikainua kamba, na wale watoto wakanirukia kwa nguvu ambazo hakuna aliyewafundisha. Hata kujilipua sikuachiwa. Nilishuka jukwaani nachechemea.

Vita yenyewe kwa kweli ilikuwa kichekesho tosha bila kuigizwa. Mimi mtu wa pwani, niliposikia hadithi kamili nilishangaa kuona wenye kukwama ndio walioshinda. Merikebu mbili za Maynard, zisizo na mzinga hata mmoja, zilipanda kwenye fungu la mchanga, ikabidi watupe farumi na maji ya kunywa baharini ndipo zikaelea. Kisha Maynard akawaficha watu wake chini ya sitaha. Teach akaona sitaha tupu, akadhani wamekwisha, akaruka na wenzake kwenda kuteka, na wale wakachomoka kutoka chini. Inasemekana alianguka akiwa na majeraha matano ya risasi na si chini ya 20 ya panga. Kichwa kikatundikwa kwenye dasturi, kule mbele omoni, kikarudi Virginia kama ushahidi. Wenyeji wanasimulia kwamba kiwiliwili kilichotupwa majini kiliizunguka merikebu kikiogelea. Shemeji yangu, mwenye kichwa kamili, hajui kuogelea.

Na hazina? Wanangu walikuwa wamechimba mchanga wa kijiji chote. Waliomshinda Teach walikusanya sukari, kakao, nili na pamba. Ukiondoa nili, hiyo ni mizigo ya duka la Mhindi pale mtaani kwetu Majengo.

Kilichonikera kweli nilikikuta kwenye ubao mdogo karibu na foleni ya chipsi, mahali ambapo mtu husoma kwa sababu hana pengine pa kutazama. Queen Anne’s Revenge, kabla Teach hajaiteka mwezi Novemba 1717, iliitwa La Concorde, meli ya watumwa ya Wafaransa wa Nantes. Iliondoka Ouidah, Benin ya leo, na watu 516 chini ya sitaha, na 61 wakafa njiani. Maharamia walipoichukua, wengi wa waliobaki walishushwa kisiwani Bequia. Nahodha Mfaransa akaja akawakusanya upya, akawapeleka Martinique kama alivyokusudia. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa na kitambaa cheusi kwenye jicho moja, alisoma kwa jicho lililobaki.

“Kwani Blackbeard hakuwafungulia?”

“Hakuwafungulia.”

Akakivua kile kitambaa, akanipa nimshikie. Foleni ikasogea. Chipsi zilikuwa baridi.

Jioni, tukingojea zamu ya kivuko, Blackbeard mwenyewe alikuja kutusalimia kwenye gari. Yaani yule mzee aliyemcheza: bastola nne kifuani, jambia kiunoni, tambi zikifuka moshi chini ya kofia, na ndevu za kukodi zilizolegea sikio moja. Akaniambia yeye ni mhasibu mstaafu, na kwamba nilimcheza Caesar vizuri sana. Akauliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Mombasa.

Akarudi nyuma hatua moja. Naapa. Mtu mwenye bastola nne.

“Mombasa,” akasema polepole. “Si ndiko kule kwenye… maharamia?”

Nikakumbuka mwaka 2008, nilipokuwa karani kwa wakala mmoja wa meli pale mjini, maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya Faina na vifaru 33 vilivyokuwa vikija bandarini kwetu, na mwaka uliofuata wakaiteka Maersk Alabama, nayo ikielekea kwetu. Bima ilipanda, meli za watalii zikatukwepa, washukiwa wakarundikwa Shimo la Tewa. Hata filamu ilitengenezwa. Kijana mmoja wa walioiteka Alabama yuko gerezani humuhumu Marekani, amepigwa miaka zaidi ya 33.

Shemeji alikuwa ameshafungua mdomo kumpa mhadhara. Nikamwahi.

“Wapo, mzee,” nikamwambia. “Ila wa kwetu bado hawajaanza kuuza fulana.”