Heko, Toroli Lisilo na Tyubu

Mnaong'ang'ania tyubu hapa Kimwani, oneni haya. Matairi ya ndege kubwa za abiria hayana tyubu. Toroli la ndizi lina upungufu gani hata libaki nyuma?

Kweli, ringi la toroli huwa vipande viwili vilivyokazwa kwa bolti, na upepo hutoroka pale vinapokutana. Dogo hilo. Paka silikoni, ngoja ikauke, mimina dawa ya kuziba, paka tena. Pampu ya mkono ikishindwa usiilaumu: tairi lisilo na tyubu hutaka upepo mwingi kwa mkupuo mmoja ndipo kingo zake zikalie ringi. Basi toroli lipandishwe gari, liende Muleba kwenye kompresa. Chombo kilichozaliwa kubeba sasa kinabebwa, tena kwa nauli. Kuna cheo kuzidi hicho?

John Boyd Dunlop, aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alianza na baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe kule Belfast, na ndani akaweka mpira wa upepo. Maskini, hakuona mbali.

Na yule fundi pancha wa chini ya mwembe, mwenye beseni, msasa, gundi na kiraka! Anaona povu, anasugua, anabandika, umeshaondoka. Hata habari za kijiji hujazipata. Huduma gani hiyo?

Ombi moja tu: mwenye tyubu akipita na mikungu yake, asiwapungie mkono wenzake waliokaa na matoroli yao kituoni.