Barua ya Wazi kwa Mwenye Nyumba wa Picha Zangu

Kwa: Mkurugenzi Mkuu,
Kampuni ya Programu ya Kusafishia Picha
(jina limehifadhiwa kwa heshima ya mawakili wenu),
Ghorofa ya Juu Kabisa,
Ng'ambo.

YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUHAMA NA VYOMBO VYANGU

Mheshimiwa,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mpangaji wenu. Hamnijui kwa sura wala kwa jina, lakini kadi yangu mnaijua vizuri, maana kila mwezi, tarehe ileile, mnaikumbuka kabla mwenyewe sijaamka. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi hapa Dar es Salaam: kicheni pati, sendofu, ndoa yenyewe na, Mungu akijalia, ubatizo wa mtoto. Wapangaji wengine huhama usiku, viatu mkononi. Mimi nimelelewa, kwa hiyo naaga.

Kwanza nitoe shukrani. Zamani mtu alinunua programu ndani ya boksi, akalipa mara moja, akaitumia mpaka kompyuta ikate roho. Ushamba huo ulianza kukomeshwa Mei 2013, pale kampuni ya Adobe ilipotangaza kwamba baada ya toleo la CS6 hakuna tena furushi la programu la Creative Suite la kununua, na anayetaka matoleo mapya alipie kila mwezi. Nanyi, kwa unyenyekevu wa wafuasi wema, mkafuata njia hiyohiyo. Tukapandishwa cheo: jana wanunuzi, leo wapangaji. Raha ya mpangaji ni kwamba hana haja ya kuwaza urithi.

Nashukuru pia kwa kunitoza kwa dola. Wateja wangu hulipa kwa shilingi, tena kwa mafungu: kianzio siku ya kuagiza, fungu la pili siku ya shughuli, na la mwisho baada ya kutafutana. Ninyi mmenifundisha kuamka na kuuliza dola imelalaje kabla sijauliza watoto wamelalaje.

Sasa niseme kwa nini nahama, nisije nikaitwa mtovu wa fadhila.

Kamera yangu, kama nyingi duniani, ina kihisi kilichofunikwa kwa vichujio vya rangi vilivyopangwa kwa mtindo aliousajili Bryce Bayer wa Kodak mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Faili ghafi ni hesabu ya mwanga ulioangukia hapo kabla mtu yeyote hajaamua picha iweje. Faili la biti 14 lina nafasi ya viwango 16,384 vya mwanga kwa kila nukta. JPEG ya kawaida ina viwango 256 kwa kila rangi. Ndiyo maana gauni jeupe lililopigwa na jua la saa nane mchana ufukweni, ambalo kwenye JPEG limeshageuka shuka, kwenye faili ghafi mara nyingi bado lina lesi zake zote.

Ila hesabu ya mwanga haijawa picha. Lazima mtu akae chini aamue. Chukueni harusi moja ya Mbagala. Bibi harusi ameketi chini ya turubai la bluu. Mbele yake taa za zambarau za mpambaji, ubavuni taa ya njano ya mtu wa video. Shavu moja limekuwa bluu, la pili njano, na paji la uso zambarau. Mama mzazi anataka mwanawe awe na rangi aliyozaliwa nayo. Shangazi ananivuta pembeni, ananong'ona: “Baba, mng'arishe kidogo.” Usiku nakaa kuvuta vitelezi: joto la rangi napandisha, vivuli nainua, bluu ya turubai naipunguza bila kuiua bluu ya kitenge cha wifi. Nikimaliza, faili ghafi lenyewe halijaguswa hata nukta moja. Kilichoandikwa ni maelekezo tu, mistari michache ya namba ndani ya katalogi yenu.

Hapo ndipo penye kitasa, Mheshimiwa. Kamera yangu, faili langu, macho mekundu yangu, lakini maelekezo yanaeleweka kwa programu yenu tu. Vivuli 35 kwenu na vivuli 35 kwa jirani havitoi sura moja, kwa sababu kila programu ina hesabu yake nyuma ya pazia. Nikihama, vinavyovuka salama ni nyota nilizozipa picha, maneno niliyoziwekea ili nizitafute, na pengine kingo nilizokata. Zile namba zilizomrudishia bibi harusi uso wake zikifika ng'ambo ya pili hazina maana tena. Mnaniruhusu niondoke na kitanda, mnabaki na usingizi.

Na uso huo si jambo dogo. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi zao kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Aliyefanana na Shirley alitoka vizuri. Sisi wengine tulitoka meno na macho. Siwezi kusema programu yenu imefikia huko. Ila kitufe chenu cha kurekebisha picha chenyewe kikimwona bibi harusi wa Kimakonde hudhani amekosa mwanga, kikamwongezea mpaka akafanana na majivu. Mipangilio ya kukisahihisha kitufe hicho nimeitengeneza mwenyewe, harusi kwa harusi. Kodi nimelipa mimi, ukuta nimepaka rangi mimi, leo naambiwa rangi ni mali ya ukuta.

Pale Shangani, Zanzibar, kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Negativu zake zilianzia enzi ya usultani zikavuka Mapinduzi ya 1964, na miongo mingi baadaye picha zake zilikuwa bado zikitolewa na kuuzwa. Hakuna negativu iliyomwomba mtu nywila. Hakuna iliyogoma kusafishwa eti Oza hajalipia mwezi wa Machi. Huo ulikuwa mwanya mkubwa wa kibiashara, na nawapongeza kwa kuuziba. Mimi nisipolipa, mnaniachia dirisha la kuchungulia picha zangu, ila chumba cha kusafishia mnatia kufuli.

Najua mtaniuliza kwa nini sikutafuta programu ya kununua moja kwa moja. Walionunua Aperture ya Apple walipiga hesabu hiyohiyo. Ilitoka mwaka 2005. Juni 2014 Apple ikatangaza kwamba haitaiendeleza. Mwaka uliofuata ikaondolewa dukani. Na tangu macOS Catalina ya 2019 haifunguki kabisa. Kumbe hata mwenye hati anaweza kuamka akakuta barabara ya kwenda kwake imefukuliwa.

Wala sitaki kuwabebesha zigo lote ninyi. Watengenezaji wa kamera nao kila mmoja ana faili lake: Canon CR3, Nikon NEF, Sony ARW, Fujifilm RAF. Mwaka 2004 Adobe ilileta DNG, muundo uliochapishwa wazi ili yeyote ausome. Kheri, lakini DNG hutunza hesabu ya mwanga. Maamuzi yangu juu ya mwanga huo bado yanabaki lugha ya programu iliyoyaandika.

Kuna mtu nashauri mumchunguze. Mwaka 1997 Mmarekani aitwaye Dave Coffin alianza kuandika dcraw, programu ndogo ya bure ya kusoma mafaili ghafi ya kamera za kampuni mbalimbali, bila kusubiri kampuni zimweleze siri zao. Nikon ilipoifunga kwa fumbo mizani ya weupe ndani ya NEF za kamera ya D2X, mwaka 2005 alilifumbua. Hakuwa na bodi ya wakurugenzi wala kitengo cha furaha ya mteja. Watu wa namna hii wanaharibu soko.

Ninakohamia panaitwa darktable, programu huria iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2009. Hailipiwi hata senti. Nisiwafiche, hapana zulia jekundu. Moduli ni nyingi kupita kiasi, majina yake yanataka mtu aliyekaa darasa la fizikia, na utakuta tatu zinazofanya kazi ileile. Picha ikifunguka mara ya kwanza imepooza kama chai ya jana. Ukiuliza swali la dakika moja, unapewa mhadhara juu ya tabia ya mwanga. Hakuna kitufe cha kumridhisha shangazi.

Ila kila picha huwekewa kijifaili chake cha XMP pembeni, kwenye folda yangu, si kwenye seva ya mtu. Namba zake nyingi zimefungashwa kimashine na programu nyingine hazizielewi, hilo ni kweli. Tofauti ni kwamba msimbo wa kuzifungua uko hadharani chini ya leseni ya GPL. Waandishi wake wakichoka kesho, mwingine mwenye ujuzi anaweza kuokota kazi na kuendelea. Ufunguo uko chini ya zulia, na kila mtu ameonyeshwa zulia.

Nimehama kwa utaratibu. Kila kazi iliyokwisha na kulipiwa nimeitoa kwa TIFF ya biti 16, ili uamuzi wangu ukae ndani ya picha yenyewe. Ni mafaili mazito. Diski mpya imenila hela ya harusi nzima. Kazi mpya zinaanzia darktable. Za zamani ambazo mteja hajamalizia deni nimeziacha kwenu kama zilivyo, mkizitaka mdaini wenyewe.

Nilipobonyeza pa kujitoa, ukarimu wenu ulinielemea. Mliniuliza kama nina uhakika. Mkanipa punguzo ambalo miaka yote lilikuwa limejificha. Mkaniuliza kwa nini, kisha mkaniuliza tena kama nina uhakika. Mwisho mkanikumbusha kwamba, ingawa nalipa kwa mwezi, nilijifunga kwa mwaka, hivyo kutoka kuna faini. Kwetu mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita kabla hujaingia. Ninyi mnadai wakati mtu ameshabeba godoro kichwani. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishitaki Adobe mahakamani ikidai kwamba ilificha faini ya namna hiyo na kuufanya mlango wa kutokea uwe mgumu, na Adobe ikayakana madai hayo. Nadhani Wamarekani hawajazoea maisha ya kupanga.

Kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo:

Mosi, chapisheni hesabu za vitelezi vyenu, walau za matoleo ambayo hamuuzi tena. Mtu aliyevuta kitelezi ana haki ya kujua alivuta nini.

Pili, mpangaji akimaliza mkataba, chumba cha kusafishia kibaki wazi kwa picha alizoziingiza wakati analipa. Mpya mfungieni, za zamani ziliingia kihalali.

Tatu, kitufe cha kuhama kiwe kikubwa kama kitufe cha kujiunga, na kikae ukurasa uleule.

Nne, kile kitufe cha kurekebisha picha chenyewe kitumwe Mtwara kwa likizo ya kikazi, kikakae na watu.

Yakishindikana yote, nitaridhika na jibu moja la barua pepe ambalo halianzi kwa kunijulisha kuwa maoni yangu ni muhimu sana kwenu.

Wenu katika ujenzi wa katalogi,

Mpiga picha wa harusi,
Sinza, Dar es Salaam.

Nakala kwa:

1. Benki yangu: mkiona ombi la malipo kutoka ng'ambo tarehe ileile, si mimi.

2. Shangazi wa bibi harusi: nimesikia, na jibu bado ni hapana.

3. Wapangaji wenzangu: toeni TIFF zenu mkiwa bado mna ufunguo.