YAH: Kuomba radhi kwa kosa la kuzeeka

Kwa Mkuu wa Dawati la Misamaha ya Kodi ya Majengo,
Dirisha Namba 4 (siku niliyokuja mara ya kwanza lilikuwa Namba 7).

Mheshimiwa,

Marahaba. Naanza na marahaba kwa sababu shikamoo nilishapewa hapo dirishani kwako, tena mara tano. Kijana wako kila nikifika huniamkia kwa adabu kabisa, "Shikamoo bibi." Nikishaitikia, huniuliza nina uthibitisho gani kwamba mimi ni mzee. Mara zote tano nimerudi nyumbani najiuliza ile shikamoo alikuwa anampa nani.

Kichwa cha barua hapo juu chahusika. Najua kuzeeka ni kosa, kwa kuwa mnachokitoa mnakiita msamaha, na kwetu msamaha huombwa na aliyekosa. Sheria imesema mtu aliyefikisha miaka 60, asiye na kipato, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, asitozwe kodi ya nyumba hiyo. Mimi nilidhani sheria ikishasema imesema. Kumbe ilikuwa inanong'ona tu, na nilitakiwa nije niipigie magoti dirishani, nayo magoti yenyewe siku hizi hayakunjiki.

Basi nikiri yote, faili likae sawa. Nilizaliwa 1951 kijijini, mikononi mwa mkunga ambaye hakuwa na muhuri. Kitambulisho cha Taifa ninacho, na mwaka huo umo. Kijana wako alikigeuza mbele na nyuma kama anakagua noti ya 10,000, akasema nilete barua ya serikali ya mtaa. Sasa huyo mwenyekiti wetu wa mtaa, Mungu amtunze, mimi nimembeba mgongoni. Surua yake ya utotoni nimeiuguza mimi. Ndiye aliyeandika kwamba ananifahamu na anathibitisha kuwa ni mzee. Yeye aliona haya kugonga muhuri, mimi nikaona haya kumtazama, tukamaliza shughuli wote wawili tunaangalia ukuta.

Barua ile ilikutwa haina picha. Iliyokuwa na picha ikakutwa haina namba ya mita ya umeme. Iliyokuwa na namba ya mita ikakutwa mita ni ya jina la marehemu mume wangu, na nikaambiwa mwenye mita aje mwenyewe. Nilimjibu kijana kwamba marehemu hana nauli.

Huku tunazungushana, makato hayajawahi kuzungushwa hata siku moja. Agosti 2021 kodi ilipohamishiwa kwenye mita za umeme za LUKU tulianza na 1,000 kwa mwezi. Julai 2023 ikawa 1,500. Juzi nilimtuma mjukuu kwa wakala na 2,000. Jengo likachukua 1,500 yake, na mimi nikaletewa uniti nne, ambazo ukipigia pasi nguo moja zimekwisha. Na ukijifanya mjanja ukae gizani miezi mitatu usinunue, siku utakayonunua utakuta 4,500 imekukalia mlangoni. Kuja kwako ni daladala mbili, kurudi ni mbili, na nauli hiyo ya siku moja inapita kodi ya mwezi mzima. Nimeshatumia fedha nyingi kuomba nisilipe kuliko ambazo ningelipa nikanyamaza. Hesabu hii nadhani hapo ofisini mnaijua vizuri kuliko mimi.

Lakini sikuandika kulalamika, Mheshimiwa. Nina maombi machache, na la kwanza ndilo kubwa.

Naomba nifungiwe mita ya uzee. Ikae ukutani jirani na ile ya umeme, zizoeane. Jina msihangaike kulitafuta, LUKU hiyohiyo inatosha: Lipa Uzee Kadiri Uzeekavyo. Hamtabadilisha herufi hata moja.

Mita hiyo iwe na masikio. Alfajiri nikiinuka kwenye mkeka, goti la kulia likilia, isome uniti moja. La kushoto, ambalo masika hulia kama mlango wa banda, isome mbili. Nikiitafuta miwani nyumba nzima nayo imekaa kwenye paji la uso, nusu uniti. Nikiita majina ya wajukuu wanne kabla sijampata ninayemtaka, iyaandike yote manne. Usiku nikiamka mara ya tatu kwenda uani, taa yake nyekundu inimulikie njia, maana uniti za umeme zitakuwa zimeshakwenda kwenye jengo. Kila mwisho wa mwezi itoe tarakimu zake 20, nami nije nikusomee hapo dirishani moja baada ya nyingine. Nikizikosea, kukosea huko nako kuhesabiwe kuwa uthibitisho.

Wala isinipendelee. Ngoma ya arusi ikilia mtaani nami nikanyanyuka kukata viuno viwili vitatu, ikate uniti zangu papo hapo. Siku bomba limekauka nikabeba ndoo, ikate. Uzee ukikaribia kuniishia, ilie pii pii pii, nikimbie kuongeza mwingine, ingawa nikikimbia itakata tena. Najua wezi hawatakosekana. Kuna vijana watajiunganishia uzee wa bibi zao kwa waya wa kichochoroni, na hao muwakatie kulekule nguzoni. Tena muwakumbuke wanyonge: anayetumia uzee usiozidi uniti 75 kwa mwezi awekewe bei nafuu, kama ilivyo kwa umeme. Fundi akija kuifunga, mimi mwenyewe nitamshikia ngazi, na mita isisome kitu, kwa kuwa ni siku ya uzinduzi.

Maombi mengine ni madogo. Wajukuu wangu wanalala kitanda cha ghorofa, na nimesikia ghorofa hutozwa 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu, hivyo naomba kujua kama nikate miguu ya kitanda. Jirani yangu ni mpangaji, anakatwa kodi ya nyumba isiyo yake, na akimwambia mwenye nyumba waikate kwenye pango anaambiwa ahame. Naye muulizeni kama ana umri wa kuomba msamaha. Benchi la wazee hapo nje lina mguu mmoja mbovu. Ama mlitengeneze, ama mlitoze kodi.

Kijana wako pia aliniuliza kama nina kipato. Nilimwambia ukweli, kwamba asubuhi nauza vitumbua sahani moja, vikibaki tunakula. Akaandika kwenye fomu: "Ana kipato."

Vitumbua, Mheshimiwa. Nyumba hii tumeijenga miaka 11. Mume wangu alikuwa anabeba magunia bandarini, na kila mshahara ulikuwa na tofali zake. Tulihamia haina mlango, kanga yangu ndiyo iliyokuwa mlango. Hakuna ofisi iliyotuletea hata kokoto. Hakuna aliyekuja kuuliza tuna kipato gani tulipokuwa tunalala na njaa ili saruji isigande. Leo yeye yuko kaburini, paa linavuja, mtaro wa mbele unajaa kila masika, na mtu aliyezaliwa nyumba imeshapigwa plasta ananihesabia vitumbua. Kama hamkutaka kutusamehe mngesema, tukajua moja. Kumpa mzee haki kwenye karatasi kisha ukamchosha mpaka aiache mwenyewe ni wizi, tena wizi wa kumwibia mtu huku unamwamkia.

Samahani, presha ilipanda. Mita ingekuwepo ingesoma uniti kumi.

Nimalizie kwa habari njema. Kwa kuwa nimeona kazi ya kusamehe ina heshima yake, nami nafungua dawati langu. Liko barazani kwangu, upande wa kivuli, pembeni ya jiko la vitumbua. Mkijisikia siku moja kuja kuniomba radhi, karibuni, na shikamoo nitaitikia bila uhakiki. Njooni tu na nakala mbili, picha, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kuthibitisha kwamba kweli mlinikosea. Namba ya mita mnayo. Na kama itahitajika mwenye mita awepo mwenyewe, nitawasindikiza makaburini mkamuulize.

Mkosaji wenu,
Bibi wa nyumba ya kona,
Tandika, Dar es Salaam.

Nakala: Mita, ukutani.