Barua ya Wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: Naomba Majeruhi Wetu Wahamishiwe Maliasili

Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWAHAMISHA MAJERUHI WA MAPANGA WA MKOA WA SIMIYU KWENDA WIZARA YA MALIASILI NA UTALII

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Sisi wa Simiyu si watu wa kusumbua ofisi. Mkoa wetu ulizaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na tangu hapo tunalima pamba yetu, tunachunga ng'ombe wetu, tunasubiri bei. Jirani yetu mkubwa ni Serengeti, na upande mwingine tuna Pori la Akiba la Maswa. Kutoka huko huja tembo. Wanaingia Itilima, Meatu, Busega na hapa kwetu Bariadi, wanakula mahindi, wanavunja maghala, na mara nyingine wanaumiza watu na kuua. Siwatetei. Lakini baada ya kutazama sheria za nchi yangu kwa utulivu nimeona kwamba, kama mtu wa Bariadi lazima aumizwe, ni afadhali aumizwe na tembo.

Nieleze. Tembo akija usiku akamvunja mtu mguu shambani kwake, afisa wanyamapori anafika, anatazama nyayo, anatazama kinyesi, anaandika. Majeruhi haulizwi kama ana hakika alikuwa tembo yuleyule, wala kulikuwa na mwanga wa kiasi gani. Tembo hana wakili. Hakati rufaa. Hajawahi kulalamika kwamba hakuelezwa haki yake ya kumhoji daktari. Kanuni za 2011 ziliweka viwango: shilingi 200,000 kwa aliyejeruhiwa bila kupata ulemavu, 500,000 kwa aliyebaki na ulemavu wa kudumu, na 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa. Ni pesa kidogo, na mtu anaweza kuisubiri mpaka tembo mwenyewe azeeke, lakini ipo kwenye kanuni, ina jina zuri la kifuta machozi, na mlipaji ni serikali. Hatujawahi kuambiwa tumtafute tembo tumdai.

Sasa mchukue mama mmoja wa kijiji chochote kati ya Dutwa na Ngulyati. Simtaji jina kwa sababu ni wengi. Amekatwa panga mkononi. Amefungwa khanga, khanga imelowa, amepandishwa bodaboda katikati ya dereva na mdogo wake ili asianguke. Swali la kwanza analokutana nalo halihusu mkono. Linasema: PF3 iko wapi?

Viongozi wetu wamesema mara nyingi, hadi bungeni, kwamba majeruhi atibiwe kwanza na fomu hiyo ya polisi ifuate. Kauli hizo huwa zinafika salama kabisa redioni. Zinapopotea ni kwenye ile safari fupi ya kutoka redioni hadi dirisha la mapokezi. Basi bodaboda inageuza, inakwenda polisi, inarudi, na ile khanga inafungwa upya.

PF3 ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari. Inataka umri wa jeraha, aina ya silaha, na daraja la madhara, kama ni ya kawaida, ya hatari au makubwa. Umri wa jeraha ni safari mbili za bodaboda pamoja na foleni. Kwenye silaha, tabibu anaandika: kitu chenye ncha kali.

Mheshimiwa, niruhusu nisimame hapa kidogo. Katika mkoa huu ni nyumba gani isiyo na panga? Tunakatia kuni, tunafyekea, tunachinjia. Lakini kwenye karatasi panga halijawahi kumgusa mtu. Anayejeruhi watu ni Kitu Chenye Ncha Kali, mhalifu sugu, akisaidiwa na mwenzake Kitu Butu. Wawili hawa wanatajwa kwenye taarifa za matukio nchi nzima, na mpaka leo sijasikia wamekamatwa. Tabibu simlaumu; hakuwepo, na amejifunza kuandika alichokiona tu. Ninachoshangaa ni kwamba kati ya maneno manne na muhuri wa zahanati ndipo tulipoamua kuweka maisha yote yaliyobaki ya mkono wa mtu.

Maana fomu hiyo inasafiri. Inafika mahakamani baada ya miezi, aliyeiandika ameshahamishwa wilaya au amekwenda kusoma. Hakimu anatakiwa amweleze mshtakiwa kwamba ana haki ya kutaka daktari aitwe ahojiwe. Akisahau kumweleza, fomu ina kasoro. Fomu ikishapokelewa kuwa kielelezo inatakiwa isomwe kwa sauti, mshtakiwa aisikie. Ikiwa hakuna aliyeisoma, Mahakama ya Rufani itakapokuja kuketi Shinyanga itaiondoa kwenye kumbukumbu, na imekuwa ikifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20 sasa. Kanuni hizi zina hekima na sizibishii. Kesho kizimbani naweza kusimama mimi. Lakini anayesahau ni hakimu na mwendesha mashtaka, na anayefutiwa ukurasa ni mama yule. Waheshimiwa majaji ni waungwana, huongeza kwamba maelezo ya daktari kwa mdomo yanaweza kutosha, kama daktari alifika.

Kama alifika.

Tuseme kila kitu kimekwenda sawa. Daktari kafika, fomu imesomwa, mtu katiwa hatiani. Hapo ndipo tunapoingia kwenye fidia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi tulikijua kwa namba 348, inasema mahakama inaweza kuamuru mkosaji amlipe aliyeumizwa, kwa fedha au kwa mali, kiasi kinachofaa. Inaweza. Na ili iweze, inahitaji kuona kwenye ushahidi hasara aliyoipata mtu na uzito wake. Hakimu anafungua jalada, anatafuta hasara, anakuta kitu chenye ncha kali.

PF3 haimuulizi mama anafanya kazi gani. Kwa hiyo haisemi kwamba anachuma pamba, na kwamba pamba inachumwa kwa vidole vya mikono miwili. Haisemi kwamba kano zimekatika na vidole vitatu havikunji tena. Haisemi alipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na mbuzi waliouzwa kwa ajili ya nauli na dawa. Haina mahali pa kuandika kwamba tangu siku ile halali mlango ukiwa na upenyo. Fomu hii ilitengenezwa kumfunga mtu, haikutengenezwa kumlipa mtu, na tumeipa kazi zote mbili.

Usiniambie kwamba madaktari wetu hawajui kupima hasara ya mwili. Wanajua. Mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba akiumia akiwa kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliozaliwa na sheria ya 2008, unataka daktari akadirie ulemavu kwa asilimia, na hesabu inafanywa kutokana na mshahara. Mlinzi huyohuyo akitoka zamu, akafika kwake, akakatwa mlangoni pake kwa panga lilelile na kidonda kilekile, asilimia zote zinayeyuka. Anabaki na ncha kali.

Kuna jambo jingine ambalo nililisoma mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Kifungu hicho cha fidia kinahusu makosa yasiyo na adhabu ya kifo. Maana yake ni kwamba aliyekatwa akapona anaweza kuombewa fidia hapo, ila aliyekatwa akafa, mauaji yakathibitishwa, watoto wake hawamo. Mheshimiwa anafahamu historia ya Usukumani na vikongwe wetu. Bibi amepikia vinyesi vya ng'ombe na mabua maisha yake yote, moshi umeyafanya macho yake mekundu, watu wanasema mchawi, na usiku mmoja wanakuja. Muuaji akipatikana, sheria inamwandalia kitanzi na inaona imemaliza kazi. Bibi huyohuyo angekanyagwa na tembo akienda kuteka maji, familia ingekuwa na ahadi ya kifuta machozi.

Utasema, mkosaji ndiye alipe. Nakubali, na hata mbakaji sheria imemwekea kifungo kisichopungua miaka 30 pamoja na amri ya fidia. Sasa atailipa kwa kazi gani akiwa ndani miaka 30? Utasema tena, mama afungue shauri la madai. Kwa madai ya namna hii Sheria ya Ukomo inampa miaka mitatu, na wengi wetu huwa tunaitumia yote kusubiri kesi ya jinai iishe.

Wenzetu waliona tatizo hili zamani. New Zealand ilitunga sheria ya kuwalipa waathirika wa uhalifu kutoka hazina mwaka 1963, Uingereza ikaanza mpango wake 1964, na chini ya mpango huo mtu analipwa hata kama aliyemuumiza hajatiwa hatiani, ilimradi ushahidi wa daktari na wa polisi uelekee upande wake. Umoja wa Mataifa ukatoa azimio kwamba pale mkosaji anaposhindwa, dola ijitahidi kulipa. Hilo lilikuwa 1985, mwaka uleule tulipotunga sheria yetu ya mwenendo wa jinai. Nadhani barua ya azimio ilichelewa posta.

Kwa hiyo tunaomba uhamisho. Utaratibu ni rahisi: majeruhi wote wa panga wasajiliwe kuwa wameshambuliwa na mnyama hatari. Nyayo zipo. Na kama Wizara ya Maliasili itahoji kwamba mshambuliaji alikuwa na miguu miwili, tutasema ulikuwa usiku.

Endapo ombi hili litakataliwa, tunalo dogo la akiba. Tuongezewe nusu ukurasa kwenye PF3. Iandikwe kazi ya majeruhi, kiungo gani hakifanyi kazi, ametibiwa kwa gharama gani, na tarehe ya kurudi kupimwa baada ya miezi sita, kidonda kikishafunga na ulemavu ukaonekana. Nakala moja abaki nayo majeruhi mwenyewe, maana mkono ni wake. Hakimu naye, kabla ya kutoa adhabu, amgeukie na kumuuliza amepoteza nini, swali ambalo mwenyekiti wa kitongoji huanza nalo. Na zile faini zinazokusanywa mahakamani kila siku, kiasi fulani kitengwe kwa watu ambao wakosaji wao hawana kitu.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Bariadi.

Nakala: Waziri wa Maliasili na Utalii, kwa maandalizi ya kutupokea.

Kiambatisho: PF3 moja. Ni kivuli tu. Yenyewe ipo kwenye jalada, jalada lipo kwa mpelelezi, na mpelelezi amehamishwa.