Sifa za Mwasho

Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya tiba walipewa David Julius na Ardem Patapoutian, waliogundua vipokezi vinavyouwezesha mwili kutambua joto, baridi na mguso. Joto likasifiwa, mguso ukasifiwa, mwasho ukaachwa mlangoni kama mpangaji mwenye deni la kodi. Naudai haki yake, na shahidi wangu ni Dandora, ambako mwasho haujapata likizo tangu jaa la taka la Nairobi lifunguliwe miaka ya sabini. Tazama utendaji wake. Maumivu hukufundisha kukimbia: ukigusa sufuria ya moto, mkono huruka wenyewe. Lakini mgongo utamkimbiaje kiroboto aliyekwisha kuupanda? Mwasho huuita mkono uje penye adui, tena na kucha zake. Ujumbe wake hupita katika nyuzi nyembamba za neva kwa mwendo wa takriban mita moja kwa sekunde, wakati habari za mguso hukimbia makumi ya mita. Mvivu, naam, ila akishafika haondoki bure. Ukijikuna, maumivu madogo ya kucha huuzima mwasho ndani ya uti wa mgongo, na hapo ndipo penye ule utamu. Sijui hisia nyingine inayomlipa mtu papo hapo kwa kuitii.

Mpinzani ataniambia nikalale usiku mmoja na upele kwanza, ndipo niandike sifa. Ana haki. Mdudu wa upele, asiyefika nusu milimita, huchimba vijia katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono. Usiku kuwasha huzidi, kucha huchana ngozi, vijidudu huingia, usaha hutoka. Lakini lawama tuiweke panapostahili. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuhisi chochote, huku akiwagawia wenzake wa chumba kimoja cha kupanga. Kosa la mwasho hapo ni kuchelewa. Ndiyo maana nyumba nzima hupakwa dawa siku moja, hata asiyejikuna, na aliye mzima hununa kuliko mgonjwa.

Ushahidi mzito zaidi uko kwenye damu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti ya uchunguzi wa watoto 328 wa maeneo yanayolizunguka jaa la Dandora. Wenye matatizo ya kupumua walikuwa wengi, wa ngozi pia walikuwepo, na hao kikohozi na kucha vilikwisha kuwasemea. Lakini nusu ya waliopimwa damu walikutwa na madini ya risasi yaliyofikia au kuzidi mikrogramu 10 kwa desilita, kiwango kilichotumika kimataifa wakati huo. Risasi haiwashi. Huingia na vumbi na moshi, huharibu ubongo wa mtoto taratibu, na ngozi yake hubaki laini tu. Jaa lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na miaka ishirini baadaye malori yalikuwa bado yanamwaga. Laiti risasi ingewasha, na upepo ukaifikisha ofisini kwa wakubwa, lingefungwa kabla ya chai ya saa nne. Kwa kuwa haiwashi, mzazi wa Dandora asiiulize ngozi ya mwanawe. Adai kipimo cha damu.