Namna ya Kubandika "ly" na Kubaki na Heshima Yako

Kanuni uliyofundishwa darasani ni nyepesi: kivumishi hueleza nomino, kielezi hueleza kitenzi, na ukitaka kielezi cha Kiingereza, chukua kivumishi ukibandike "ly". "Slow" iwe "slowly", "quick" iwe "quickly". Ishike kanuni hiyo usiku wa kuamkia mtihani. Baada ya hapo itakuponza.

Itakuponza hasa siku utakayotaka kuonekana msomi. Bosi amefiwa, nawe unampa pole kwa "I feel badly". Wenye Kiingereza chao husema hivyo kila siku na hawaulizwi, wewe utaulizwa. Mshika sarufi atakuambia umetangaza kwamba vidole vyako havijui kupapasa. Vitenzi kama "feel", "smell", "taste" na "look" mara nyingi havisimulii tendo, vinamweleza mtajwa, kwa hiyo vinataka kivumishi. Mtazame mbwa. "The dog smells bad": ananuka, akaogeshwe. "The dog smells badly": pua imemfia, ulinzi apewe mwingine. Ukiwa na shaka, ondoa kitenzi uweke "is". Sentensi ikisimama, iache "ly" ilale.

Usijipongeze bado. Kwenye usaili wa kazi usithubutu kusema "I work hardly". Wewe umekusudia bidii, lakini "hardly" ni "kwa shida sana, karibu na sifuri", na wanaokusaili watakuamini. Vivyo hivyo "lately" haimwombei radhi aliyechelewa. Maana yake ni "siku hizi".

Ukisahihishwa kwa kusema "drive slow", jitetee kwa historia. Kiingereza cha kale kiligeuza vivumishi vingi kuwa vielezi kwa kuongeza irabu "e" mwishoni. Irabu ile ikamomonyoka, vielezi vikabaki na sura ya vivumishi, na watu wakaendelea kuelewana. Kisha mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, akatoa kitabu cha sarufi na kuukemea mtindo huo. (Sisi tuna "vitabu vizuri" na "soma vizuri", umbo moja kazi mbili, na hakuna askofu aliyepoteza usingizi.)

Kama historia haitoshi, tajirika. Mwaka 1997 kampuni ya Apple ilitangaza biashara kwa "Think Different". Walimu waliitafuta "ly" yao, kompyuta zikanunuliwa. Mwanafunzi akiandika vilevile, kalamu nyekundu inamsubiri.

Limebaki "friendly", ambalo lina "ly" tangu mwanzo na bado ni kivumishi. Ukitaka kusema mtu alikusalimu kirafiki, kanuni inakudai "friendlily". Neno hilo limo kwenye kamusi. Walioliweka humo na walitamke wao. Wewe sema "in a friendly way" uendelee na safari.