Shajara ya Bomba Kavu

Tabata, Dar es Salaam, Novemba 2022

Jumatatu
Nimefungua koki nikiwa na povu la dawa ya meno mdomoni. Bomba limekohoa, limekoroma, limetoa upepo, kisha likanyamaza. Mita ya nje ilikuwa inazunguka vizuri tu. Nimesukutua kwa chai ya rangi iliyolala kwenye chupa. Ilikuwa na tangawizi. Dawa ya meno na tangawizi havielewani.

Mgao ulitangazwa tangu mwezi uliopita. Mto Ruvu umepungua na mvua za vuli zimegoma. Kwenye ratiba, mtaa wetu unapata maji Jumatatu. Haikuandikwa Jumatatu ipi.

Jumanne
Kijana wa guta amepita na madumu. Nimemuuliza kama maji yake ni matamu. "Matamu mzee, ya Ruvu haya." Kwa shilingi 700 kwa dumu, nilikuwa na kila sababu ya kumwamini.

Chai imetoka ya chumvi. Mke wangu ameongeza sukari ili kuiokoa. Maji yaliyochemshwa, chumvi na sukari: mchanganyiko huo hupewa watu wanaoharisha. Tumeunywa tukiwa wazima wa afya.

Kuoga nako kumekuwa na mambo yake. Maji ya visima vya mjini hayapatani na sabuni. Madini yake huikamata, na badala ya povu unapata utando mweupe. Nimejisugua kwa bidii na kutoka bafuni nikiwa nanata zaidi ya nilivyoingia.

Lita 20 zina uzito wa kilo 20, bila kuhesabu dumu lenyewe. Hili nilifundishwa shule ya msingi, ila leo ndipo lilipofika begani. Tunakaa ghorofa ya pili. Miaka yote hii bomba limekuwa likipandisha mzigo huo na hakuna aliyelipa pole.

Jumatano
Mama mkwe amefika kutoka Morogoro. Ruvu nao unaanzia kwao, milima ya Uluguru. Katika hao wawili, aliyefika Dar es Salaam akiwa kamili ni mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Naomba maji nioge, njia nzima vumbi."

Nimempelekea ndoo nzima. Baada ya muda sauti imetoka bafuni ikiuliza ya kujisuuzia yako wapi.

Kwa heshima ya mgeni nilikuwa nimelijaza tangi la choo. Ni la kizamani, linameza lita tisa kwa mvuto mmoja. Jioni mama ameingia, tukiwa sebuleni tumesikia zote tisa zikienda. Ametoka akasema, "Baba, choo chenu kibovu. Mara ya pili hakivuti." Nimemwambia nitaita fundi.

Usiku nimemwomba mke wangu azungumze na mama yake. Amesema mkwe ni wangu. Nimefikiria maneno kwa muda mrefu. Hakuna namna ya heshima ya kumwambia mama mkwe kwamba mkojo hauhitaji lita tisa.

Alhamisi
Kazini wenzangu wote wamewahi. Ofisi ina kisima.

Mchicha umeondolewa kwenye orodha ya mboga nyumbani kwetu. Una mchanga, unataka kuoshwa na kuoshwa tena. Dagaa vilevile. Wali unajadiliwa, kwa kuwa mchele unatumia maji mara mbili, ukioshwa na ukipikwa. Maharage yana matatizo yao. Tumebaki na mayai, ambayo huja yakiwa yamefungwa.

Wataalamu wa afya wa kimataifa wanasema lita 50 hadi 100 kwa siku zinatosheleza mahitaji mengi ya mtu mmoja. Kabla ya mgao mimi sikuwa na idadi. Nilikuwa nafungua, nikimaliza nafunga, na wakati mwingine nafunga nikikumbuka. Nadhani starehe yenyewe ilikuwa hapo, katika kutokuwa na idadi. Leo ninajua kunyoa ndevu kunakula kikombe na robo, na taarifa hiyo haijanisaidia chochote. Nimeacha kunyoa.

Ijumaa
Nimeondoka bila udhu, nikitegemea kuuchukua msikitini. Mlangoni kuna tangazo: waumini waje wakiwa wametawadha majumbani mwao. Tulikuwa wengi tumesimama tukilisoma, na wote tunasoma haraka.

Jumamosi
Habari ni kwamba mkataba wa bwawa la Kidunda umesainiwa. Litahifadhi lita bilioni 190. Nimempelekea habari hiyo mzee wa duka la chini. Akanijibu kwamba Kidunda ameanza kulisikia akiwa kijana, kisha akanirudishia chenji.

Mama mkwe amefurahi sana kuhusu bwawa. Ameomba maji ya kunywa, akanywa nusu, yaliyobaki akamwagia ua la plastiki.

Jumapili
Saa nane usiku jirani wa chini amepiga ukelele: "Yametoka!" Hakuna aliyeuliza nini.

Yalianza na rangi ya kahawa, yakaja ya chai, halafu yakawa maji. Jengo zima limeamka. Kuna mtu amefua mapazia saa tisa usiku, na watu waliopishana ngazini wiki nzima bila salamu wameulizana habari za watoto. Mwanangu amepewa kazi ya kujaza vyombo na ameifanya kwa moyo: madumu, ndoo, beseni, sufuria zote, birika, chupa za chai, na kontena la kuwekea vitumbua.

Mimi nimeoga chini ya bomba la mvua. Nilipomaliza kuoga sikutoka. Nilisimama tu, maji yakipita, mpaka mke wangu alipogonga mlango kuuliza kama nimeanguka.

Mchana imegundulika hatuna sufuria ya kupikia. Kila moja imejaa maji na hakuna aliye tayari kumwaga. Mama mkwe ndiye aliyesema ile kubwa imwagwe chooni, hamna neno. Mke wangu amemjibu yeye mwenyewe, bila kunitazama, na kwa kirefu.

Tumekula mkate.